Jua Haki Zako: Mbuzi Hawamalizi Kesi ya Mtoto

Nilimkuta susu mmoja ameketi kwenye benchi nje ya mahakama ya Kyuso, leso kajifunga kifuani, kamshika mjukuu wake mkono. (Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba, na huku hata wasio Wakamba huita hivyo.) Wazazi wa msichana wanatafuta riziki Nairobi, kama wazazi wengi wa upande huu. Mtu wa ukoo alimnajisi mtoto alipokuwa anachunga mbuzi. Wazee walikuwa wameketi na kuamua: mbuzi watatu, pesa kidogo, na jambo lizikwe. Susu aliniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi: "Mwanangu, nikiwakataa hao mbuzi, nitakuwa nimewavunjia wazee heshima?"

Hapana, susu. Ukiwapokea ndipo utakapokuwa umevunja sheria. Kifungu cha 118 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba anayepokea mali ili kosa kubwa la jinai lifichwe au liishie kimyakimya, naye ametenda kosa. Aliyetoa mbuzi anataka kukwepa jela, na aliyewapokea anajiingiza mashakani bila kujua.

Wazee wa nzama, baraza letu la jadi, nawaheshimu. Wametupatanisha kwenye mipaka ya mashamba, mahari na maji ya visima, na Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inazitambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Lakini kifungu hichohicho kinazikataza njia hizo pale zinapokanyaga haki za binadamu, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na ukatili. Unajisi si ugomvi wa boma na boma. Soma hati ya mashtaka: imeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Haikuandikwa susu dhidi ya fulani. Kesi ni ya Jamhuri, na kwa kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, uamuzi wa kuisimamisha si wa baba, mama, chifu wala mzee wa kijiji. Uko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa hiyo ukiambiwa "familia zimeelewana", jua kwamba mbele ya hakimu maneno hayo hayaifuti kesi.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo watoto wetu wanapopoteza mengi. Wazee wanaweza kuketi wiki nzima wakihesabu mbuzi, na mwili wa mtoto hausubiri. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, zile watu wanaita PEP, sharti zianzwe ndani ya saa 72, yaani siku tatu, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Humezwa siku 28 bila kukatiza. Dawa ya kuzuia mimba kwa msichana aliyebalehe ina saa 120. Kwa hiyo nenda hospitali kwanza. Hakuna sheria inayosema mtoto asitibiwe mpaka apitie polisi. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo ya 2006 kinampa aliyedhulumiwa matibabu katika hospitali ya umma kwa gharama ya serikali. Ukidaiwa pesa kwa matibabu hayo, uliza kwa upole lakini usiondoke: pesa hii ni ya nini, na niandikieni risiti.

Susu alikuwa amemwogesha mtoto. Alichemsha maji, akamsugua, akalifua rinda kwa sabuni na kulianika kwenye ua wa miti ya miiba. Alinieleza haya akilia, kwa kuwa mtu alikuwa amemwambia ameua kesi. Nataka kila mzazi anielewe hapa. Ikiwezekana, mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari, na nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa khaki au zifungwe kwa gazeti. Usitumie karatasi ya nailoni, kwa sababu unyevunyevu huharibu ushahidi. Lakini kama umeshamwogesha, kesi haijafa. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu, katika makosa ya kingono, kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, iwapo ameridhika kwamba mtoto anasema kweli na ameandika sababu zake. Usibaki nyumbani kwa aibu ya rinda lililofuliwa.

Hospitalini kuna fomu ya huduma baada ya kubakwa, wengi huiita PRC. Hakikisha imejazwa, uombe nakala yako. Kisha kituo cha polisi. Ripoti iandikwe kwenye kitabu cha matukio, yaani OB, upewe namba, uiandike hata kwenye kiganja. Huko utapewa fomu ya P3, irudi hospitalini kujazwa. Fomu ya P3 haiuzwi. Unaweza kumwomba afisa wa kike, na mtoto asihojiwe kaunta watu wakipitapita.

Na polisi wakizembea? Jirani zetu wa Meru walilijibu swali hilo mahakamani. Mwaka 2012 wasichana waliokuwa wamenajisiwa, wakisaidiwa na shirika la Ripples International, waliwashtaki polisi kwa kutochunguza malalamiko yao. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji Makau wa Mahakama Kuu ya Meru aliamua kwamba uzembe huo ulivunja haki za watoto hao, akaamuru polisi wafanye uchunguzi wa haraka na wa maana. Uamuzi huo ni silaha yako ukiambiwa "rudi kesho" kwa mara ya nne. Malalamiko dhidi ya polisi hupokelewa na IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia.

Usibebe mzigo huu peke yako. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ndiye mtu wa serikali ambaye kazi yake hasa ni mtoto wako. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 anaweza kumwondoa mtoto mahali pa hatari, kumtafutia jamaa wa kukaa naye na kuandika ripoti kwa mahakama. Vijijini ana watu wa kujitolea wanaolinda watoto, na mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba anaweza kukuelekeza kwao. Kama huna nauli ya kutoka Ngomeni au Tseikuru, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kwa ukatili wa kijinsia wa aina yoyote kuna pia 1195, nayo bure.

Watu husitasita wakidhani afisa wa watoto atamchukua mtoto ampeleke makao ya watoto, wasimwone tena. Hofu hiyo naielewa. Lakini serikali ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kwenye malezi ya familia, na makao ni njia ya mwisho. Susu anayempenda mjukuu wake ndiye ambaye afisa huyo anatafuta kumpata.

Mtuhumiwa akitoka kwa dhamana, mwambie kiongozi wa mashtaka mapema kama mmetishwa. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inakupa nafasi ya kusikizwa kabla ya dhamana kutolewa, na hakimu anaweza kumwamuru asikanyage kwenu. Siku ya ushahidi, omba mahakama iwe faragha na mtoto asikae uso kwa uso na aliyemuumiza. Msichana akipata mimba, shule haina ruhusa ya kumfukuza: mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamrudisha darasani.

Jambo la mwisho nililomwuliza susu lilikuwa umri wa mtoto. Kwa kumnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka, adhabu ni kifungo cha maisha. Kuanzia 12 hadi 15, si chini ya miaka 20, na 16 hadi 18, si chini ya 15. Mwezi Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisema hakimu hawezi kuteremka chini ya viwango hivyo. Kwa hiyo umri lazima uthibitishwe, kwa cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, rekodi za shule au kadi ya kliniki.

Susu alifungua fundo la leso yake. Mlikuwa na noti ya mia mbili na kadi ya kliniki, pembe zimetafunwa na panya. Tarehe ya kuzaliwa ilisomeka.