Ua Haliondoi Ukali wa Pombe

Somo letu la leo ni juu ya wiski iliyotiwa maua na majani yenye harufu nzuri. Huenda umeiona harusini. Kijana ametoka mjini na chupa. Wenyeji wamechemsha choya, mchaichai na tangawizi. Vyote vimemiminwa katika ndoo moja na kutiwa sukari. Kinywaji ni chekundu, kinanukia, ni kitamu. Wageni wanakunywa kama sharubati.

Jambo hili si geni duniani. Huko Kentucky, Marekani, watu huchanganya wiski ya mahindi na sukari na majani ya nanaa tangu zamani. Ladha ni nzuri, hatukatai. Lakini tuhesabu ukali.

Wiski ya kawaida ina kileo asilimia 40. Maana yake, katika kila sehemu 100 za wiski, sehemu 40 ni kileo chenyewe. Bia nyingi zina sehemu 5 tu. Chukua kijiko cha chakula cha mililita 15. Pima wiski vijiko 4. Hiyo ni mililita 60. Kileo kilichomo kinakaribia kile cha chupa moja ya bia ya mililita 500. Sasa jaza wiski kikombe cha chai cha mililita 240. Umeshika karibu chupa 4 za bia mkononi!

Choya haipunguzi kileo hicho. Sukari haikipunguzi. Huficha ukali tu, na ulimi ukidanganyika mtu hunywa haraka. Mama mjamzito hupewa kikombe akidhani ni sharubati, na kileo humfikia mtoto tumboni. Watoto nao huchota ndoo ikiachwa wazi. Mtoto mdogo akinywa pombe kali, sukari ya damu yake inaweza kushuka sana, akapoteza fahamu. Usimwache alale mpaka asubuhi. Mpeleke zahanati mara moja.

Basi fanya hivi. Chemsha maji lita 1. Tia konzi moja ya choya kavu, mchaichai na tangawizi iliyopondwa. Funika dakika 15, chuja, tia sukari, acha ipoe. Ndoo hiyo ni ya watu wote, isitiwe pombe hata tone. Mtu mzima anayetaka wiski ajipimie kwa kijiko katika kikombe chake mwenyewe. Anayetumia dawa za kifua kikuu, au vidonge vya metronidazo tunavyotoa kwa kuhara damu, asiguse.

Sasa tuangalie majani yenyewe. Nanaa ni jani dogo la kutia katika chai. Mnanaha ni mmea mwingine kabisa, ingawa majina yanakaribiana. Ua la mnanaha ni kubwa, lina umbo la tarumbeta, na tunda lake lina miiba. Majani na mbegu zake ni sumu. Aliyekula hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, moyo hupiga mbio, naye huongea na watu wasiokuwepo. Wenzake husema amelewa tu, wakamwacha alale. Hapo ndipo hatari ilipo. Mmea usioujua vizuri usiuloweke katika pombe, hata kama muuzaji anasema unaongeza nguvu za mwili.

Wengine hawana fedha za wiski. Hutia mizizi na maua katika gongo. Tanzania imekataza kutengeneza gongo bila leseni kwa sheria ya mwaka 1966, lakini mimi nataka kusema juu ya macho yako. Pombe ya kificho yaweza kuwa na methanoli, yaani spiriti ya viwandani. Huwezi kuitambua kwa pua wala kwa ulimi, na hakuna ua wala mzizi unaoiondoa. Nchini Kenya, Novemba mwaka 2000, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100 Nairobi. Wengine walipofuka.

Sumu hii haiharakishi. Mtu hulewa, hulala, huamka akidhani ni uchovu wa pombe. Baada ya saa 12 au 24 kichwa kinauma sana, anatapika, tumbo linauma, macho yanaona ukungu. Usimpe maziwa ukangoja. Usimpe gongo nyingine. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, useme wazi alikunywa nini na saa ngapi. Hatutakuuliza nani aliuza. Dawa ipo, na ikiwahi huokoa macho.

Maswali ya darasa:

Chupa ya wiski ina mililita 750. Je, ina vijiko vingapi vya chakula? Ni sawa na chupa ngapi za bia?

Nani kijijini kwenu anaweza kuwaonyesha mnanaha ulipoota?