ACHA PINI: Kijitabu cha nyumbani kuhusu funza wa watu na wa mifugo

Kijitabu hiki ni cha kila nyumba yenye sakafu ya udongo, watoto, na mbwa au mbuzi wanaolala karibu na watu. Mmoja wenu akisome kwa sauti, wengine wasikilize. Bibi asikose.

Pini

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalonitia hofu kuliko yote, na kila kiangazi linarudi. Jioni, watoto wakishaoga, bibi anakaa mkekani karibu na taa na kuchomoa pini aliyoibana kwenye kanga. Anachokoa mguu wa mjukuu wa kwanza, damu inatoka, anaipangusa pini kwa pindo la kanga, anamwita wa pili. Anakuja wa tatu, kisha mtoto wa jirani, na mwisho anachokoa kisigino chake mwenyewe. Bibi huyu anawapenda wajukuu wake. Lakini pini ile imepita katika damu ya watu watano. Virusi vya Ukimwi vinaweza kupita hapo. Homa ya ini ya aina ya B vilevile. Na ncha yenye udongo, hata ikimchoma mtu mmoja tu, inaweza kumpa pepopunda.

Kuipangusa si kuisafisha. Kuipitisha kwenye moto wa kibatari si kuisafisha. Mwiba wa mlimau si salama kuliko pini, na wembe ni mbaya zaidi. Tena funza akipasuka, akabaki nusu ndani, kidonda kinatunga usaha.

Acha pini.

Utamjuaje funza

Ni kidoa cheupe cha mviringo chenye nukta nyeusi katikati. Mwanzo kinawasha, halafu kinavimba hadi ukubwa wa punje ya mbaazi na kuuma. Tazama pembeni mwa kucha, katikati ya vidole, kisigino na wayo. Mtoto mchanga anayekaa sakafuni mtazame viganja, viwiko na matako pia. Mtoto anayetembea kwa visigino anaficha maumivu: mkague leo, na usimcheke. Wengi wameacha shule kwa aibu tu.

Si laana

Funza ni kiroboto anayejichimbia kwenye ngozi. Zamani hakuwapo Afrika kabisa. Aliletwa kwa meli kutoka Amerika ya Kusini hadi Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshavuka bara na kufika pwani yetu. Aliyeingiwa na funza hakurogwa, wala hana deni la mizimu.

Badala ya pini

Nenda zahanati au mwite mhudumu wa afya wa kijiji. Ipo dawa ya majimaji iitwayo dimethikoni. Hupakwa juu ya uvimbe, funza anakosa hewa na kufa humohumo, kisha ngozi inambandua yenyewe baada ya siku kadhaa. Hakuna kuchokoa. Kama haipo, iko ile dawa ya zambarau, pamanganeti, ya kulowekea miguu kwenye beseni kwa dakika 15, halafu unapaka mafuta mazito ya mgando. Kipimo chake aonyeshe mhudumu. Usikisie, maana ikizidi inaunguza.

Usipake mafuta ya taa. Usipake petroli. Usipake dawa ya kuogeshea ng'ombe wala ya kupulizia mahindi, kwa sababu ngozi ya mtoto inababuka na sumu inapenya mwilini. Wala usiirudie pini kwa kuwa nukta nyeusi bado unaiona. Aliyekufa hana haja ya kutolewa.

Mbwa, nguruwe, mbuzi na panya

Ukitibu watoto ukamsahau mbwa, baada ya wiki chache utaanza upya. Mbwa mwenye funza hujilamba nyayo na kuchechemea. Mtazame kati ya vidole. Nguruwe mtazame kwato, pua na chuchu: jike mwenye funza chuchuni anaumia hata kunyonyesha, na watoto wake wanadhoofika. Mbuzi mtazame karibu na kwato. Afisa mifugo anayo dawa yao, nayo ni yao peke yao.

Panya naye hubeba funza, kwa hiyo gunia la mahindi lisikae chumba cha kulala.

Mnyama asilale wanakolala watu. Na pini iliyomchokoa mbwa isiguse mguu wa mtu yeyote. Acha pini, kwa mbwa na kwa mtoto.

Sakafu

Mayai ya funza hudondoka pale mtu anapolala, na watoto wake hukulia kwenye vumbi kavu la pembeni na chini ya kitanda. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, kila siku, hadi kwenye kona. Ziba nyufa kwa udongo mpya. Mkipata uwezo wa kupiga saruji, anzeni na chumba cha watoto, sebule itasubiri.

Viatu

Vinasaidia, lakini miguu ioshwe kwa sabuni kila jioni, kwani funza humwingia mtu hata chumbani mwake.

Usingoje kesho

Nenda zahanati leo ukiona usaha, mguu uliovimba na kuwa wa moto, au homa. Taya zikikaza au mwili ukikakamaa, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Ukifika, mwambie mhudumu ukweli kama mguu ulichokolewa, kwa kitu gani, na nani mwingine alichokolewa nacho, ili achunguze chanjo ya pepopunda na awaite na hao wengine kupimwa.