Kabla Hujauza Sanduku la Babu: Vidokezo kwa Wenye Vitu vya Zamani Bukavu

Katika nyumba nyingi za Nguba, Muhumba na Kadutu kuna sanduku ambalo halifunguliwi ovyo. Ndani mna sarafu za Wabelgiji zenye tundu katikati, barua zilizofungwa kwa uzi, santuri za rumba, picha za wazee waliovaa suti, na katika familia zilizotoka Mwenga au Shabunda, pengine kinyago kidogo chenye ndevu za nyuzi. Vitu vya aina hiyo hupigiwa mnada Brussels na Paris mbele ya watu wenye subira na pesa. Hapa kwetu vinamfuata mchuuzi wa kwanza aliyebisha hodi, kwa bei ya unga wa wiki moja. Vidokezo hivi ni vya kukufanya usiharakishe.

1. Tenga mafungu matatu.

Kabla ya kutaja bei yoyote, mwaga vitu vyote juu ya mkeka. Fungu la kwanza ni vitu vya biashara na matumizi: sarafu, stempu, redio, cherehani, santuri, viti. Hivyo ni vyako, uza ukipenda. Fungu la pili ni karatasi na picha za familia. Zipige picha kwanza, halafu ndipo ufikirie. Fungu la tatu ni vitu vya jando, vya Bwami, vya mwami, vya mababu. Hilo lifunike kitambaa, usilizungumzie sokoni, soma hadi kidokezo cha 6.

2. Habari ya kitu ndiyo bei yake.

Mwaka 2021 wazee wawili wa Ufaransa walisafisha nyumba yao na kumuuzia mfanyabiashara wa vitu vya zamani kinyago cha Wafang wa Gabon kwa euro 150. Babu wa yule mume alikuwa mtawala wa kikoloni Afrika. Machi 2022 kinyago hicho kilipigiwa mnada Montpellier na nyundo ikalia kwenye euro milioni 4.2. Wazee wakashtaki. Desemba 2023 mahakama ya Alès iliwakatalia: walikuwa na wajibu wa kuulizia thamani ya mali yao kabla ya kuiuza. Gabon nayo iliomba kinyago kirudi nyumbani, ikakataliwa vilevile.

Kilichokifanya kinyago kile kiwe cha mamilioni ni ule mti pamoja na habari iliyoambatana nao: nani alikichukua, wapi, mwaka gani. Kwa hiyo keti na shangazi na wajomba wangali hai. Andika nani alinunua, alikuwa na kazi gani, kitu kilitoka wapi. Barua yenye mhuri wa Costermansville, jina ambalo mji wetu ulibeba kuanzia 1927 hadi miaka ya 1950, inaweza kuonyesha umri wa kila kilichokuwa ndani ya bahasha ile. Usiitupe kwa sababu imechanika.

3. Weka chini limau na majivu.

Najua mama wengi watatamani kung'arisha. Tafadhali, hapana. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza ngozi yake, na mnunuzi mzoefu huliona hilo kwa jicho moja. Mti wa zamani uliopakwa vanishi au dawa ya viatu umeharibiwa, kwa sababu ile rangi nzito iliyokaa juu yake ni mafuta ya mikono ya watu wa miaka mingi, na hakuna fundi wa kuirudisha. Noti iliyokunjika usiipige pasi. Futa vumbi kwa brashi laini, basi. Kwa unyevu wetu wa tangu Septemba hadi Mei, adui mkubwa ni ukungu: picha na karatasi zikae juu, mbali na ukuta, ndani ya bahasha za karatasi badala ya mifuko ya plastiki inayozitoa jasho.

4. Tarakimu kubwa haimaanishi pesa nyingi.

Noti ya zaire milioni 5 ya mwaka 1992 inawadanganya wengi. Ina sura ya Mobutu na sifuri za kutosha kumsisimua kijana yeyote. Lakini ilichapwa kwa wingi, wafanyabiashara waliikataa, na Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo walizusha ghasia Kinshasa. Ni kumbukumbu nzuri ya kumsimulia mtoto, ila haitakujengea nyumba.

Tazama badala yake sarafu. Zile za senti 5, 10 na 20 zenye tundu ni nyingi, bei yake ni ndogo. Ile ya faranga 2 ya mwaka 1943, yenye pembe sita na tembo, inapendwa. Ile ya faranga 50 ya mwaka 1944, yenye tembo pia, ni ya madini ya fedha, na ukiwa nayo ishike pembeni kwa vidole viwili na uiweke peke yake. Hali ya sarafu hubadilisha bei kuliko umri wake: mbili za mwaka mmoja, moja ikiwa na tembo anayeonekana mikunjo ya ngozi na nyingine tembo amefutika, hazitauzwa bei moja hata siku moja.

5. Stempu ibaki pale ilipobandikwa.

Watoto tulifundishwa kuziloweka na kuzibandua. Acha. Bahasha nzima yenye anwani, mhuri na tarehe inasema safari yote ya barua, na wakusanyaji hulipia safari hiyo. Angalia mfululizo wa vinyago na sanamu uliotoka kati ya 1947 na 1950, na ule wa maua wa 1952 na 1953. Uhuru ulipofika 1960, stempu za maua zilipigwa chapa ya CONGO juu yake. Kuwa mwangalifu na chapa hizo, kwa sababu wapo waliozipiga nyumbani baadaye.

6. Vya Bwami si vitu vya kabatini.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo Kivu ya Kusini inapopoteza zaidi.

Warega wa Mwenga, Shabunda na Pangi walikuwa na Bwami, chama cha kufundisha watu namna ya kuishi kwa adabu. Mtu alipanda ngazi kwa ngazi, na kilele kwa wanaume ni Kindi. Kila kitu kilichoonyeshwa kwenye sherehe, kinyago, kisanamu, kijiko, mdomo wa ndege, ganda la mnyama, kilikuwa na methali zake, na methali hizo ziliimbwa na kuchezwa. Kinyago kidogo cha mti, lukwakongo, kilichopakwa udongo mweupe, mara nyingi hakikuvaliwa usoni: kilishikwa mkononi, kikafungwa mkononi au pajini, kikatundikwa kwenye uzio, kikaburutwa kwa ndevu zake. Mwanachama akifa, kitu chake kilipita kwa mwingine. Hakikuwa cha mtu binafsi kama tunavyoelewa umiliki leo.

Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Bwami mwaka 1933, ikarudia 1948. Vitu vingi vikatoka mikononi mwa wenyewe katika hofu hiyo, vikaenda kwa maofisa, wamisionari na wafanyabiashara. Mtafiti Daniel Biebuyck alipoishi kati ya Warega mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuta Bwami ingali hai, na kitabu chake kuhusu utamaduni wao kilichotoka 1973 ndicho mabingwa wa minada ya Ulaya hukishika mpaka leo. Wanasoma maana za vitu vyetu ili wavipandishie bei.

Kwa hiyo ukikuta kitu kama hicho sandukuni mwa babu, usimwite mchuuzi, mwite mzee wa ukoo. Muulize babu alifika ngazi ipi na nani alipaswa kurithi. Ukiona familia haiwezi kukitunza, Bukavu ina Makumbusho ya Kivu yaliyoanzishwa na mapadre Waxaveri, na huko vitu vya Warega vinaeleweka. Maoni yangu nayasema wazi: kitu cha Bwami kikienda Brussels kwa dola 300, tumeuza funzo ambalo wajukuu watalipia nauli na viza kwenda kulitazama nyuma ya kioo.

7. Pembe ya ndovu: usiguse.

Kongo imo tangu 1976 katika CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na Umoja wa Ulaya ulikaza tena kamba mwanzoni mwa 2022. Meno ya chui na magamba ya kakakuona kwenye kofia za Bwami yako katika hatari hiyohiyo. Anayekuambia atavipitisha vitu hivyo kwenye mpaka wa Ruzizi bila shida anakutayarishia kesi.

8. Kuna sheria, na ni ya zamani.

Sheria ya kulinda mali za utamaduni ni ya tarehe 15 Machi 1971. Mwaka 1974 nchi iliridhia pia mkataba wa UNESCO wa 1970 unaopinga biashara haramu ya mali hizo. Kinyago cha kale kikisafiri bila ruhusa, popote kitakapotua kinaweza kudaiwa. Na wanunuzi wakubwa wanalijua hilo: siku hizi nyumba ya mnada inayojiheshimu huuliza kitu kilitoka Kongo lini na kwa karatasi gani. Kisicho na jibu hukataliwa au huuzwa gizani kwa bei ya gizani.

Lakini usidhani ukishakabidhi kitu serikalini umemaliza. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha Kinshasa vitu 114 kutoka makumbusho ya Tervuren, na baadhi yake vikaibwa baadaye vikaonekana tena sokoni. Februari 2022 ilikabidhi orodha ya vitu takriban 84,000 vya Kongo vilivyoko kwenye makumbusho yake. Wenzetu wana daftari. Sisi je, tuna lipi?

9. Anza na daftari lako.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bukavu iliporwa 1996, ikaporwa 2004, ikaporwa tena Februari 2025, na familia nyingi hazina hata picha moja ya kuonyesha kilichochukuliwa. Simu unayo. Piga kitu mbele, nyuma, chini, na pale penye ufa au alama. Weka rula pembeni. Andika urefu, kimetengenezwa kwa nini, kina maandishi gani, kilipatikana wapi. Huo ndio utaratibu wa Object ID unaotumiwa na polisi na makumbusho duniani tangu 1997, na hauhitaji chochote zaidi ya simu na dakika chache. Picha mtumie ndugu aliye Kampala, Nairobi au Liège, zisikae mahali pamoja na kitu chenyewe.

10. Mnada wa kweli una hesabu yake.

Mnada wa kanisani unaujua: kuku anainuliwa, mtu anataja dola 10, mwingine 15, wote wanashangilia kwa sababu pesa ni ya kazi ya Mungu. Mnada wa biashara hauna shangwe hiyo. Kwanza mtaalamu hutoa makadirio, mathalani kati ya dola 800 na 1,200. Halafu mnakubaliana bei ya chini kabisa, ambayo kitu kisipoifikia hakiuzwi. Idai kwa maandishi. Nyundo ikilia kwenye 1,000, mnunuzi huongeza ada ya nyumba ya mnada, tuseme asilimia 25, akalipa 1,250. Wewe hupati 1,250 wala 1,000: inatoka kamisheni ya muuzaji, picha, bima, usafirishaji. Uliza kila kitu kabla ya kusaini. Uliza pia kisipouzwa nani atalipia kukirudisha.

11. Ukiwa mnunuzi, geuza kitu chini juu.

Ukiwa sokoni Nyawera au kwenye mnada wa mtu anayehama, tazama mahali ambapo fundi mwongo hakutarajia uangalie: ndani ya kinyago, chini ya kiti, ndani ya tundu la kamba. Kilichovaliwa kweli kimelainika pale palipogusana na mwili au uzi. Kilichozeeshwa kwa moshi na matope kina uzee sawasawa kila upande, hata pasipofikiwa na mkono. Muuzaji akisema, "Papa, hii ilikuwa ya babu," muulize babu wa wapi, kisha mwongezee swali la pili. Ukihisi kimetoka nyumba iliyovunjwa, ondoka, hata kikiwa kizuri namna gani. Taja moyoni bei yako ya mwisho kabla ya kuingia, kisha ishike.

12. Vya haraka haraka.

Cherehani ya Singer ina herufi na namba kwenye bamba, na namba hizo hukueleza ilitoka kiwandani mwaka gani. Santuri za zamani za lebo ya Ngoma, iliyoanza Léopoldville 1948 na kumtoa Wendo Kolosoy na "Marie-Louise", huvunjika kama zikilazwa rundo: zisimamishe kama vitabu. Kadi za picha za mpiga picha Casimir Zagourski zitazame nyuma, jina lake limo. Viti vya nyumba za zamani za Labotte vina misumari na skrubu za asili, usizibadilishe.

13. Warithi wote wasaini.

Kabla kitu hakijavuka mlango, andikeni karatasi moja: kitu gani, kinauzwa na nani, bei ya chini ni ngapi, pesa itagawanywaje. Wasaini watoto wote wa marehemu, wa kike na wa kiume, pamoja na mjane. Aliye mbali atume sauti yake kwa simu na muihifadhi. Nakala moja ibaki kwa mjane.