"Treat" na "Cure": Usiyachanganye!

Wewe uliye sekondari pale Igunga, bila shaka umesikia watu wakitaja CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ile T ni "treatment". Kwa nini isiwe "cure"? Sisi tukishasema "dawa" tumemaliza, hatutenganishi. Kiingereza kinatenganisha, na si kwa ajili ya mtihani tu.

"Treat" ni kutibu, yaani kazi ya daktari, mgonjwa apone asipone. "Cure" ni kuponya: ugonjwa umekwisha. Ndiyo maana unaweza kuandika "The doctor treated him for two years", lakini ukiandika "cured him for two years" mwalimu atakata kwa kalamu nyekundu.

Angalia na vihusishi. Ni "treat a patient for malaria", lakini "cure a patient of malaria". Hiyo "of" wengi huisahau. Kama nomino, "cure" haibadiliki: "a cure for malaria". "Treat" inageuka kuwa "treatment". Ukiandika "a treat" msomaji atadhani umenunuliwa soda!

Kwenye kifua kikuu wenyewe wako makini kweli. Dozi kwa kawaida ni miezi sita. Aliyeimaliza bila makohozi yake kupimwa mwishoni huandikwa "treatment completed". Kuandikwa "cured" ni mpaka maabara ithibitishe kwamba vimelea havipo.

Na VVU je? Mwaka 2004 Tanzania ilianza mpango wa kutoa ARV bure. Dawa hizo zinatibu, haziponyi. Anayezimeza kila siku virusi vyaweza kupungua hadi kipimo kisivione, akaishi miaka mingi, na asimwambukize mwenzi wake kwa kujamiiana. Akiacha, vinarudi. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe walichoambiwa kinaponya. Wapo walioacha ARV, eti wameshapona. Walichanganya maneno haya haya mawili, ila kwa Kiswahili.

Haya, chukua kalamu. Jaza "treated", "treatment", "cure" au "cured":
1. The nurse ___ him for malaria on Monday.
2. She was ___ of tuberculosis.
3. Our hospital has no ___ for HIV, but it gives ___ every day.

Majibu: 1. treated, 2. cured, 3. cure, treatment.