SOMO LA KOMPYUTA: TARTIBU YA MADIRISHA



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Wapenzi wanafunzi, neno algorithimu limetokana na jina la mwanachuoni wa Kiislamu, Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa Al-Ma'mun (813–833). Kitabu chake cha aljebra kina sehemu ya hesabu za wasia na mirathi. Algorithimu ni hatua zilizopangwa, ambazo mwenye kuzifuata hufikia jibu. Leo tutazame zinavyopanga madirisha kwenye kioo cha kompyuta.

1. Orodha. Kila dirisha ni mstatili wenye namba nne: umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu, upana na kimo. Programu huyaorodhesha kuanzia la chini kabisa hadi la juu.

2. Kuchora. Tunaanza na la chini, kama tunavyotandika mikeka. La mwisho hufunika yaliyotangulia. Dirisha likisogezwa, sehemu iliyofunuka huchorwa upya.

3. Kubonyeza. Hapa tunasoma orodha kinyume, juu kwenda chini. Dirisha la kwanza lenye nukta iliyobonyezwa ndilo lenye haki.

Mfano: Dirisha A linaanzia 100 kutoka kushoto na 50 kutoka juu, upana 300, kimo 200. Dirisha B liko juu yake, linaanzia 300 na 100. Upana 200, kimo 150. Tumebonyeza 350 na 120. A linaishia 400 na 250, B linaishia 500 na 250. Nukta imo katika yote mawili, lakini haki ni ya B. Tukisoma kuanzia chini, tutapata A. Mtu anadhani anafunga B, kumbe anafunga A, na kazi asiyoihifadhi ikapotea.

Hesabu haikukosewa, kilichoharibika ni tartibu. Katika madhehebu ya Imam Shafi tumesoma kuwa tartibu ni nguzo ya sita ya udhu. Hatusemi kompyuta ni ibada, bali aliyezoea kuchunga tartibu katika ibada asiivunje katika kazi, kwani kazi za watu ni amana.

Zoezi: Tukibonyeza 150 na 80, ni dirisha gani? Na 450 na 60 je?

Wabillahi tawfiq.