Shinikizo la Damu katika Ateri za Mapafu

Mtu apimwapo shinikizo la damu hospitalini, hufungwa ukanda mkononi na kusomewa tarakimu mbili. Tarakimu hizo zahusu ateri zilishazo mwili kutoka upande wa kushoto wa moyo. Hazielezi hali ya ateri za mapafu. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na shinikizo la kawaida mkononi, na papo hapo awe na shinikizo la hatari mapafuni.

Pampu mbili

Moyo ni pampu mbili zilizoungana. Ventrikali ya kushoto husukuma damu mwilini. Ya kulia huisukuma mapafuni, ambako hutoa kabonidayoksaidi na kuchukua oksijeni. Kila pampu hupitisha lita 5 hivi kwa dakika mtu mzima anapotulia. Hata hivyo, wastani wa shinikizo katika aota ni kama milimita 90 za zebaki, na katika ateri ya mapafu ni kama 14 tu. Sababu ni kwamba njia ya mapafuni ni fupi, na mishipa yake ni mipana na yenye kuta laini. Ndiyo maana ventrikali ya kulia ina ukuta mwembamba kuliko ya kushoto.

Mishipa inapobana

Kanuni ya Poiseuille yaonyesha kwamba kipenyo cha mrija kikipungua kuwa nusu, ukinzani wake huongezeka mara 16, yaani 2 kwa kipeo cha nne. Hivyo badiliko dogo la kipenyo huleta mzigo mkubwa. Ventrikali ya kulia kwanza hunenepa ukuta, kisha hutanuka na kuchoka. Mgonjwa huishiwa pumzi apandapo kilima, aweza kuzimia, na hatimaye miguu huvimba. Tangu mwaka 2018 wataalamu huhesabu kuwa shinikizo limezidi pale wastani unapopita milimita 20 mgonjwa akiwa ametulia. Hapo awali mpaka ulikuwa 25.

Vyanzo

Mara nyingi chanzo ni maradhi ya upande wa kushoto wa moyo. Kwa mfano, homa ya baridi yabisi ifuatayo maambukizo ya koo yaweza kuharibu vali ya kushoto. Damu ikarundikana nyuma yake hadi mapafuni.

Chanzo kingine ni upungufu wa oksijeni. Mwaka 1946 von Euler na Liljestrand wa Sweden walionyesha, kwa kuchunguza paka, kwamba shinikizo la ateri ya mapafu hupanda mnyama avutapo hewa yenye oksijeni haba. Kubana huku kwafaa sehemu moja ya pafu ikikosa hewa, kwani damu huelekezwa penye hewa. Pafu zima likiugua, mishipa hubana kote.

Damu iliyoganda yaweza pia kuziba ateri. Tena kichocho cha matumbo, kinachopatikana kandokando ya Ziwa Victoria, kikikaa miaka mingi huharibu ini; mayai ya minyoo huweza kufika mapafuni na kudhuru ateri ndogo.

Upimaji na kinga

Mwaka 1929 daktari Mjerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mrija mwembamba kutoka mshipa wa mkono wake hadi moyoni. Cournand na Richards waliiendeleza njia hiyo huko New York, na watatu hao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Siku hizi daktari huanza kwa kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, kisha huthibitisha kwa mrija.

Tiba hutegemea chanzo, na mishipa iliyokwisha kuharibika ni vigumu kuirudisha. Lakini baadhi ya vyanzo huzuilika mapema: koo la mtoto litibiwe kwa penisilini daktari aonapo inafaa, na kichocho kitibiwe kwa prazikwanteli na kuzuiwa kwa vyoo na maji safi.

Maswali

1. Kwa nini ukanda wa mkononi hauwezi kupima shinikizo la mapafuni?
2. Kipenyo cha mrija kikipungua kuwa theluthi moja, ukinzani huongezeka mara ngapi?
3. Eleza jinsi vali mbovu ya kushoto inavyoweza kuchosha ventrikali ya kulia.