Unatafuta Kusudi? Nenda Ukahudumu

Wadogo zangu,

Swali mnaloniuliza mara nyingi kuliko yote ni hili: "Dada, nitajuaje Mungu ameniumba nifanye nini?" Wengi wenu mmemaliza chuo, ajira bado. Kwaya mnaimba, mikesha mnakesha, lakini mkirudi nyumbani moyo mtupu. Mnasubiri ndoto, au mtumishi awatamkie neno. Leo nawaambia kama dada wa tumbo moja: maombi msiyaache, ila kusubiri kumetosha. Inukeni mkahudumu. Wito wa mtu hujulikana akiwa kazini.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 9. Pale Yafa aliishi mwanamke aitwaye Dorkasi. Hatujaandikiwa hata hubiri lake moja. Alipofariki, wajane walimzunguka mtume Petro wakilia, wakamwonyesha nguo alizowashonea enzi za uhai wake. Ushuhuda wake ulikuwa umevaliwa na watu. Alijua kushona, na wajane walikuwepo mjini kwake, akaanzia hapo.

Tena mtazameni kijana aliyekuwa akisoma Paris, Frédéric Ozanam. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, na wenzake wasioamini walimbana: ninyi Wakristo maneno mnayo, matendo yako wapi? Yeye na rafiki yake wakabeba kuni walizokuwa nazo, wakawapelekea maskini. Mwaka huohuo, 1833, akiwa na miaka 20, yeye na wenzake wachache walianzisha Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Hawakujua mlango wa kuanzia, wakamfuata Sista Rosalie Rendu, aliyezifahamu familia maskini za mtaa wake, naye akawaelekeza. Baadaye Ozanam akawa profesa, akaoa, akapata mtoto, na huduma hakuiacha. Alifariki mwaka 1853, lakini shirika lipo mpaka leo, hata katika parokia zetu za Afrika Mashariki. Angalieni alivyofanya: alianza na alichokuwa nacho, akamwuliza anayewajua wenye shida, na hakwenda peke yake.

Nanyi mnao wa kuwauliza. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa kanisa na mama wa kikundi cha wajane wanajua ni nyumba gani haijawasha moto tangu jana.

Au nenda hospitali saa za kuona wagonjwa. Hotpoti zinafunguliwa, ndugu wamekizunguka kila kitanda, wodi nzima inanukia wali na ndizi. Kisha angalia kitanda cha pembeni. Yuko mama aliyeletwa kwa rufaa kutoka mkoani, amegeukia ukutani asiwaone wenzake wakila. Hana wa kumfulia kanga, hana wa kumchotea maji ya kuoga. Mama huyo hajakuomba mahubiri. Mpelekee sabuni, mfulie, kaa umsikilize. Akitaka muombe pamoja, atakwambia. Wala usianze kwa kumwuliza anasali wapi. Yule Msamaria mwema katika mfano wa Yesu hakumwuliza majeruhi dini yake.

Ila fanya kwa utaratibu, mdogo wangu. Ukifika, pita kwanza kwa muuguzi wa zamu au ofisa ustawi wa jamii. Usimpe mgonjwa chakula bila kuuliza, maana yupo anayesubiri upasuaji na yupo mwenye kisukari. Simu ibaki mfukoni: mtu aliyelala kitandani akiwa hajiwezi si wa kupigwa picha ili kanisa lionekane linatoa. Na ukiahidi kurudi Jumamosi, rudi. Mgonjwa asiye na ndugu huhesabu siku.

Kama mfukoni hamna kitu, damu unayo. Ukiwa na afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, unaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Utampa uhai mtu ambaye hata jina lake hutalijua.

Na usikimbilie mbali ukaacha nyumbani. Kama mama yako anachota maji na kumuuguza bibi peke yake, huduma yako inaanzia jikoni kwake. Anayefagia kanisa huku mama yake amezidiwa bado hajaelewa huduma ni nini.

Sasa kuhusu lile kusudi. Hudumu miezi kadhaa, utaanza kujiona. Mmoja atagundua anaweza kukaa na mgonjwa saa nzima wala asichoke. Huenda uuguzi unamwita. Mwingine kidonda hawezi kukitazama, lakini mpe daftari la michango, kila shilingi itaonekana ilikokwenda. Mwingine atajua ana kipaji cha kuwafundisha watoto walioshindwa kusoma. Mambo hayo huyagundui ukiwa umejifungia chumbani na simu. Na hata usipopata jibu mapema, kuna mtu atakuwa ameoga, amekula na amesikilizwa. Hapo imani yako imeshazaa matunda.

Kwa hiyo Jumapili hii, ibada ikiisha, usikimbilie daladala. Mfuate mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya, mwombe akuelekeze kwa mtu mmoja tu mwenye uhitaji. Mchukue rafiki yako, nendeni wiki hiyohiyo. Kisha niandikieni mniambie mlichokikuta.

Nawapenda, wadogo zangu. Mungu awatie nguvu.

Dada yenu